Hakimiliki, hataza, alama ya biashara au siri: mradi wako uulinde kwa ipi?

Tuseme umetengeneza kikaushio cha nafaka. Ni sanduku lenye mfuniko wa kioo, feni ndogo ubavuni, kihisi cha kupimia unyevu, na programu uliyoiandika mwenyewe inayoamua feni izunguke lini. Ndani umepaka rangi nyeusi uliyoichanganya kwa kipimo kisichojulikana na mtu mwingine. Umekipa jina, umekichorea nembo, na ripoti yake imefika kurasa themanini. Wiki ijayo unasimama mbele ya jopo kuutetea mradi.

Wanafunzi wengi wakifika hapo huuliza: "Nikilinde vipi?" Swali hilo linadhani kikaushio ni kitu kimoja. Mbele ya sheria ya miliki ubunifu ni vitu sita: ripoti, programu, namna hewa inavyozungushwa, umbo la sanduku, jina na nembo, na kipimo cha rangi. Kila kimoja kina haki yake inayokifaa, na haki hizo hazilindi jambo lilelile, hazipatikani kwa njia ileile, wala hazidumu sawa. Na mojawapo, yaani hataza (haki ya uvumbuzi, kwa Kiingereza "patent"), unaweza kuipoteza siku hiyohiyo ya utetezi kabla hata hujajua kwamba ulikuwa nayo. Kwa hiyo ulinganisho huu nitauelekeza zaidi kwenye hataza na majirani zake, kwa sababu huko ndiko mwanafunzi anakoumia.

Hakimiliki na hataza

Hakimiliki inakuja yenyewe. Ukishaandika sentensi, ukachora picha au ukaandika msimbo wa programu, haki ipo. Huhitaji kusajili, kulipa wala kuweka alama yoyote. Msingi huu unatokana na Mkataba wa Berne wa 1886, unaokataza nchi wanachama kuweka masharti ya usajili ili haki ya mgeni itambulike. Muda wake wa chini kwa kazi za maandishi ni maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, na nchi nyingi zimeongeza ikawa 70. Usajili, pale unapokuwepo, husaidia zaidi upande wa ushahidi, ingawa Marekani inadai kazi zenye asili ya huko zisajiliwe kabla ya kufungua kesi.

Rahisi namna hiyo, ndefu namna hiyo. Lakini inalinda nini? Inalinda jinsi ulivyolieleza wazo. Wazo lenyewe hailigusi. Mkataba wa TRIPS wa 1994, ulio chini ya Shirika la Biashara Duniani, umelisema hilo waziwazi: ulinzi unahusu usemaji, hauhusu mawazo, taratibu, njia za utendaji wala kanuni za hisabati.

Kesi inayoonyesha mpaka huo vizuri kuliko zote ni ya Baker dhidi ya Selden, iliyoamuliwa na Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1879. Selden alikuwa ameandika kitabu kinachofundisha namna mpya ya kutunza hesabu za fedha, chenye kurasa za majedwali matupu ya kujaza. Baker akauza vitabu vya hesabu vyenye majedwali yanayofanya kazi kwa njia hiyohiyo, ila yamepangwa tofauti kidogo. Mahakama ikasema kitabu ni mali ya mwandishi, lakini njia ya kutunza hesabu iliyoelezwa ndani yake ni ya kila mtu. Anayetaka kuimiliki njia yenyewe apite kwenye hataza, na huko uvumbuzi wake ukaguliwe kwanza.

Sasa rudi kwenye kikaushio. Mtu akisoma kurasa zako themanini, akaelewa, akajenga kikaushio kinachofanya kazi kama chako, kisha akaandika ripoti kwa maneno yake na michoro yake, hakimiliki yako hajaigusa. Wapo wanafunzi wanaobandika alama ya hakimiliki kwenye jalada la tasnifu wakiamini wameufungia uvumbuzi kabatini. Walichofungia ni maneno tu.

Hata jasho peke yake haliingii kwenye hakimiliki kila mahali. Mwaka 1991 Mahakama Kuu hiyohiyo ya Marekani iliamua kesi ya Feist, iliyohusu kitabu cha namba za simu. Kampuni iliyokikusanya ilitumia nguvu nyingi, lakini majina yaliyopangwa kialfabeti hayana chembe ya ubunifu, basi hayana hakimiliki. Hilo linalihusu moja kwa moja jedwali lako la vipimo vya unyevu vya miezi minne. Vipimo ni ukweli, na ukweli hauna mwenyewe. Umoja wa Ulaya umeenda njia nyingine kwa kuweka, kupitia agizo la 1996, haki ya pekee ya kanzidata inayodumu miaka 15 kwa aliyewekeza kwa kiasi kikubwa katika kuikusanya. Mahali pengi haki hiyo haipo.

Hataza ni kinyume karibu kwa kila kipengele. Haiji mpaka uombe. Unaandika maelezo yanayomwezesha fundi wa fani hiyo kukitengeneza kitu chako, unataja madai, yaani mipaka kamili ya unachokidai, unalipa ada, unasubiri mkaguzi. Uvumbuzi uwe mpya, uwe na hatua ya uvumbuzi isiyo dhahiri kwa mjuzi wa fani, na uweze kutumika viwandani. Ukipita, unapata miaka 20 kuanzia tarehe ya maombi, tena kwa sharti la kulipia ada za kuiendeleza. Na unaipata katika nchi ulizoomba tu. Hakuna hataza ya dunia nzima, hata kama wapo wanaoiuza kwa jina hilo.

Unachopata ni ulinzi mzito kuliko wa hakimiliki. Mbele ya hakimiliki, mtu aliyeandika kitu kinachofanana na chako bila kukuiga hana kosa. Mbele ya hataza, hata aliyevumbua mwenyewe bila kukusikia kamwe anaweza kuzuiwa, kwa sababu mwingine alitangulia kuomba. Ndiyo maana tarehe ni kila kitu. Siku ya tarehe 14 Februari 1876, karatasi za Alexander Graham Bell na za Elisha Gray kuhusu simu zilifika ofisi moja siku moja, na mabishano yake hayajaisha mpaka leo.

Upande wa programu watu huchanganyikiwa sana. Msimbo unalindwa na hakimiliki kama maandishi mengine yoyote. TRIPS imelisema hilo. Hataza kwa programu tupu ni ngumu. Mkataba wa Hataza wa Ulaya unaitoa programu kama programu nje ya uvumbuzi, na Marekani, tangu kesi ya Alice ya 2014, wazo dhahania halipati hataza kwa kuwekwa tu kwenye kompyuta. Programu yako ya simu inayopanga ratiba za masomo, basi, ina hakimiliki na inakutosha. Programu inayoendesha feni kwa kusoma unyevu ili punje zisipasuke ina jambo la kiufundi ndani yake, na inaweza kuingia kwenye madai ya hataza pamoja na kifaa chote. Ningemshauri mwanafunzi wa kikaushio aulize kuhusu hilo. Yule wa ratiba, fedha yake aiweke kwenye mambo mengine.

Ukishasema, umesema

Upya wa uvumbuzi unapimwa dhidi ya kila kilichowekwa wazi kabla ya tarehe ya maombi, popote duniani kwa nchi nyingi, na wewe mwenyewe umo. Bango ulilobandika kwenye maonyesho ya idara, video uliyoirusha, utetezi uliohudhuriwa na yeyote aliyetaka: vyote vinaweza kutumika dhidi yako.

Kwa mwanafunzi hakuna kesi zinazogusa kama hizi mbili za mahakama ya rufaa inayoshughulikia hataza Marekani. Ya kwanza, ya 1986, ilimhusu mwombaji aliyeitwa Hall. Kilichomwangusha ni tasnifu moja ya udaktari, nakala iliyowekwa kwenye maktaba ya Chuo Kikuu cha Freiburg, Ujerumani, ikaingizwa kwenye faharasa ya maktaba. Hakuna aliyehitaji kuthibitisha kwamba kuna mtu aliisoma. Ilitosha kwamba mtu mwenye nia angeweza kuipata. Ya pili, ya 1989, ilihusu tasnifu za wanafunzi wa shahada ya kwanza wa Reed College. Nazo zilikuwa zimehifadhiwa, lakini kadi zake zilipangwa kwa majina ya waandishi tu, na zile za idara ya kemia zilikaa ndani ya boksi la viatu. Mahakama ikasema hiyo si kuchapishwa, kwa sababu anayetafuta kwa mada hana njia ya kuzifikia.

Zisome pamoja. Katalogi nzuri ya maktaba iliua hataza, na boksi la viatu likaiokoa. Leo tasnifu zinapandishwa kwenye hazina za kidijiti za vyuo, zinatafutika kwa neno lolote, kwa hiyo boksi la viatu usilitegemee.

Nchi kadhaa zina huruma. Marekani na Japani zinampa mvumbuzi mwaka mmoja tangu alipokitangaza mwenyewe. Mkataba wa Ulaya hauna huruma hiyo isipokuwa kwa mazingira finyu sana, kama mtu aliyekusaliti. Ukitangaza leo ukitegemea huruma ya nchi moja, nyingine umeshazifunga.

Njia iliyo salama ni kuomba kwanza, kisha kusema. Mkataba wa Paris wa 1883 unakupa miezi 12 baada ya maombi ya kwanza kuomba nchi nyingine ukihesabiwa tarehe ileile ya mwanzo. Mkataba wa Ushirikiano wa Hataza wa 1970 unaweza kukusogezea uamuzi wa nchi ipi ulipie hadi miezi 30. Muda huo ni wa thamani kwa mtu asiye na fedha, maana ndani yake unaweza kutafuta mwekezaji. Kama maombi hayajawahi utetezi, omba utetezi wa faragha, wanajopo wasaini ahadi ya kutunza siri, na maktaba izuie tasnifu kwa kipindi fulani. Vyuo vingi vina fomu ya kuomba hilo. Tatizo ni kwamba wanafunzi hawaiulizii. Mazungumzo na msimamizi wako kwa kawaida ni ya siri, ila pakiwa na mtu wa nje, pata saini.

Hataza au siri

Hapa ndipo uchaguzi unapokuwa wa kweli, kwa sababu huwezi kuzipata zote mbili kwa jambo lilelile. Hataza ni mapatano ya zamani: Venice iliyaandika kwenye sheria mwaka 1474, kwamba anayeleta kifaa kipya na kukitangaza anapewa miaka 10 ya kukitumia peke yake. Unawafundisha watu, wanakupa muda. Siri ya biashara ni kukataa kufundisha.

Kwa TRIPS, siri inalindwa ikiwa haijulikani kwa watu wa fani hiyo, ina thamani ya kibiashara kwa sababu haijulikani, na mwenyewe amechukua hatua za maana kuitunza. Haina usajili, haina ada, haina mwisho. Fomula ya Coca-Cola ilianza 1886 na haijawahi kuisha muda. Ingekuwa hataza, ingekuwa huru kwa kila mtu tangu zamani sana. Lakini siri inakukinga dhidi ya mwizi na msaliti tu. Mtu akinunua kifaa chako sokoni, akakifungua na kukichunguza akagundua, au akabuni mwenyewe, huna la kumfanya.

Kipimo changu ni bisibisi. Je, mtu mwenye bisibisi na saa mbili anaweza kujua ulichofanya? Njia ya hewa ndani ya kikaushio anaiona mara tu akifungua mfuniko, kwa hiyo kuiita siri ni kujidanganya. Kipimo cha rangi kinahitaji maabara, pengine na halijoto uliyoipikia haionekani hata maabarani. Hapo siri ina mantiki.

Ila kuna ugumu ambao kampuni hazina na wewe unao. Chuo kinataka uchapishe. Huwezi kuweka kipimo cha rangi kwenye kiambatisho cha tano kisha ukaita siri, na ukikiacha nje jopo linaweza kukuuliza matokeo yako yatarudiwaje na mtu mwingine. Kwa hiyo, kwa mwanafunzi, mimi huona siri kama kituo cha kupumzika: unanyamaza mpaka maombi ya hataza yafike ofisini, halafu unazungumza kwa uhuru. Wachache sana wana kitu kinachofaa kukaa kimya maisha yote.

Jina, nembo na umbo

Alama ya biashara hailindi uvumbuzi hata kidogo. Inalinda uhusiano kati ya jina na bidhaa machoni pa mnunuzi. Kwa kawaida inasajiliwa kwa miaka 10 na kuhuishwa bila kikomo. Pembetatu nyekundu ya kampuni ya bia ya Bass, alama ya kwanza kusajiliwa Uingereza mwaka 1876, imekuwa ikihuishwa tangu wakati huo. Hataza ya mwaka huo imeshasahaulika.

Kosa la wanafunzi ni kuchagua jina linaloeleza. "Kikaushio Bora" ni jina ambalo kila mshindani anahitaji kulitumia, na ofisi nyingi zitalikataa. Neno la kubuni, au neno lisilo na uhusiano wowote na nafaka, lina nguvu zaidi. Usajili hufanywa kwa madaraja ya bidhaa na huduma, ambayo kwa mfumo wa Nice ni 45, hivyo jina lako kwenye mashine haliwi lako kwenye vinywaji. Jina linaweza pia kufa kwa kupendwa mno: aspirini ilikuwa alama ya Bayer, Marekani ikageuka jina la kila kidonge cha aina hiyo, ilhali Kanada na Ujerumani bado ni alama ya kampuni.

Nembo ina haki mbili kwa pamoja, alama na hakimiliki, na ya pili ina mtego. Rafiki yako wa sanaa akikuchorea nembo bure, hakimiliki ya mchoro kwa kawaida inabaki kwake mpaka akuhamishie kwa maandishi. Karatasi moja yenye saini inatosha.

Umbo la nje la sanduku, kama ni jipya na halitokani tu na mahitaji ya kiufundi, linasajiliwa kama muundo wa viwandani. TRIPS inataka angalau miaka 10, na Umoja wa Ulaya unafika 25. Linda umbo ikiwa ndilo linalouza. Kikaushio hakiuzwi kwa sura.

Kabla ya kuchagua, ni chako?

Uchaguzi wote huo hauna maana kama haki si yako. Mvumbuzi na mmiliki wanaweza kuwa watu wawili. Hataza ya PageRank, njia ya kupanga matokeo ya utafutaji mtandaoni iliyoizindua Google, inamtaja Larry Page kama mvumbuzi na Chuo Kikuu cha Stanford kama mmiliki, kwa kuwa kazi ilifanyika akiwa mwanafunzi wa uzamili na uzamivu pale. Chuo kilipewa hisa, na zilipouzwa kikapata zaidi ya dola milioni 300. Toronto, mwaka 1923, wavumbuzi wa insulini walikihamishia chuo hataza yao kwa dola moja moja kila mtu, kwa hiari yao. Sweden, walimu wa vyuo vikuu wanamiliki uvumbuzi wao wenyewe; nchi nyingine nyingi uvumbuzi huo huwa mali ya mwajiri.

Mwanafunzi kwa kawaida si mwajiriwa, na hiyo ndiyo nguvu yake, mpaka pale anapolipwa na mradi, anapotumia fedha za mfadhili, au alipotia saini fomu ya udahili yenye ibara aliyoiruka. Isome fomu hiyo leo. Na mkiwa kundi, andikeni nani alifanya nini kabla urafiki haujapimwa na fedha. Kumbukeni pia kwamba jina la msimamizi kwenye makala ya kitaaluma ni jambo la desturi, lakini kwenye hataza mvumbuzi ni yule tu aliyechangia wazo lenyewe la uvumbuzi. Kumwongeza mtu kwa heshima au kumwacha kwa hasira kunaweza kuiharibu hataza. Akili bandia nayo haijaruhusiwa kuingia kwenye orodha hiyo: Mahakama ya Juu ya Uingereza ilisema hivyo Desemba 2023, katika kesi ya mashine iitwayo DABUS.

Tazama pia ulichoazima. Kama programu ya feni imechukua vipande vyenye leseni ya GPL, mojawapo ya leseni za programu huria, ukiisambaza utalazimika kutoa msimbo wako kwa masharti yaleyale, na hapo neno siri lifute. Wala usidhani kutaja chanzo kunatosha. Kunukuu mistari ya Shakespeare bila kumtaja ni wizi wa kitaaluma ingawa hakimiliki haipo tena. Kunakili sura nzima ya kitabu cha mwalimu aliye hai ukamtaja vizuri kabisa si wizi wa kitaaluma, na bado unaweza kushtakiwa.

Kwa kikaushio, basi, wiki moja kabla ya utetezi, mimi ningefanya hivi: ripoti na programu ningeziacha chini ya hakimiliki, bila kulipa chochote, njia ya hewa pamoja na namna inavyoendeshwa ningeipeleka ofisi ya uhamishaji teknolojia ya chuo kesho asubuhi kuhusu hataza, kipimo cha rangi ningekitoa kwenye ripoti kwa makubaliano na msimamizi mpaka ijulikane kama kinaingia kwenye maombi yaleyale, jina ningelitafuta kwenye rejesta lisije likawa la mwingine, na kulisajili siku nitakapokuwa na cha kuuza.

Na kama utetezi ulishapita, ukumbi ukajaa, watu wakapiga picha? Andika tarehe ya siku ile na uanze kuhesabu miezi, kwa nchi zenye mwaka wa huruma. Ulizia kama nchi yako inatoa cheti cha modeli ya matumizi, ambacho masharti yake ni mepesi na muda wake ni mfupi kuliko wa hataza. Halafu kaa na daftari lako, ukitenganisha ulichoonyesha na usichoonyesha. Jopo liliona bomba moja la hewa. Lile la pili, ulilolifunga juzi usiku likapunguza muda wa kukausha, halijaonwa na mtu. Kama nalo si jambo lililo dhahiri kwa fundi aliyeliona la kwanza, hilo bado unaweza kuliombea.